Mitungi Miwili ya Ishirini

Alhamdulillahi kwa kila hali, hata kwa aibu ya Ijumaa iliyopita. Mwalimu wangu, Shehe Juma, alikuwa na homa ya kifua, na daktari Mdachi wa hapa Rumonge alimruhusu aoge kabla ya sala, ila kwa maji ya digrii arobaini. Akaniachia kijiti chake cha kioo cha kupimia joto.

Kuni zilikuwa zimelowa mvua. Nikapima mtungi wa kwanza wa maji ya mtoni: ishirini. Wa pili: ishirini. Mimi ndiye ninayegawa mirathi ya mji huu; nikajumlisha, nikapata arobaini, nikamimina yote katika karai moja. Kisha nikakaa nikitazama ukungu ukielea ziwani, nikiwaza mito ya peponi.

"Baba Saidi, mbona hujawasha moto?" aliuliza mke wangu.

"Hesabu imetosha."

Shehe akatia mkono karaini, akautoa upesi. Waumini walikuwa wamesimama mlangoni wakimngoja.

"Maji ni baridi, mwanangu. Umepimaje?"

Nikamweleza.

Akanitazama kwa huruma. "Mimi nina miaka sabini, na Mzee Ramadhani huyo mlangoni naye sabini. Tukilala mkeka mmoja, nani kati yetu ataamka na mia na arobaini?"