Lozi ya Ingrid

Enzi zetu pale Raskazone, Krismasi tuliila hata sisi tunaofunga Ramadhani. Siku hizi watoto wanatumiana picha ya mti unaomemeta kwenye simu, basi, eti wamesherehekea! Sisi tulikwenda kwa miguu yetu, na gauni la Idi limepigwa pasi.

Majirani zetu walikuwa familia ya Kinorwe, na binti yao Ingrid alikuwa shoga yangu. Theluji hawakuwa nayo, maskini, wakavumilia joto letu la Desemba. Mti wao ulikuwa tawi la mvinje, tukishikana mikono na kuuzunguka, tukiimba nyimbo ambazo sikujua hata neno moja, jasho linatutiririka. Bibi yangu alipoona vikapu vya karatasi walivyovisuka wenyewe, alicheka: "Kumbe na Wazungu wanajua ukili!"

Lakini utamu ulikuwa uji wa mchana wa mkesha. Mzito, wa mchele na maziwa, juu mdalasini, sukari na siagi. Ndani ya sufuria walificha lozi moja. Atakayeipata huificha shavuni, kimya, mpaka uji uishe, ndipo aitoe apewe zawadi. Mwaka wa kwanza aliipata baba yake Ingrid, akapewa kinguruwe cha unga wa lozi na sukari. Nilipomsimulia mama, alinishika sikio. "Uji kula, nyimbo imba. Lakini nguruwe, hata wa sukari, usimguse. Umenisikia?"

Mwaka uliofuata Ingrid, miaka tisa, alikabidhiwa kazi ya kuitumbukiza lozi. Alivyojivuna! Tukaketi, tukala. Kijiko changu cha tatu, lo, hiyo hapo mdomoni. Nikamfikiria nguruwe, nikalifikiria sikio langu. Nikaimeza nzima, ikanikwaruza koo, nikaendelea kula.

Uji ukaisha, hakuna aliyetoa kitu. Wakakwangua sufuria, wapi! Baba yake akamgeukia Ingrid, akamuuliza kama ameila mwenyewe. "Niliitia, baba! Wallahi niliitia!" Kiapo hicho alijifunza kwetu. Baba yake hakumwamini, akamfukuzia chumbani, siku ya sikukuu yao kubwa. Tulimsikia akilia nyuma ya mlango, nami nimekaa na kijiko changu, sisemi.

Mama yake akaona aibu mbele ya mgeni, akanifungulia ile zawadi. Hakuwa nguruwe. Alikuwa samaki aina ya changu, na magamba yake yote yamechorwa. "Ingrid aliniomba," akasema. "Alisema safari hii tufanye samaki, ili na wewe ukishinda uweze kula."

Nilimpokea. Nikamla njiani, mpaka mkia. Hilo nalo najilaumu mpaka leo.

Kabla ya mwaka kuisha walirudi kwao. Ingrid alinikumbatia, akanipa kikapu chake kimoja cha karatasi. Nikashindwa tena kusema.

Mwanangu hunicheka: "Mama, siku hizi mtu anapatikana kwa dakika moja." Kweli, amenitafutia, amempata. Nimeona picha yake, mvi tupu, amewashika mikono wajukuu wanauzunguka mti. Watoto wa leo mnadhani kumpata mtu ndiyo kazi! Zamani ningeweza kusingizia umbali na stempu. Leo simu ninayo mkononi, na maneno yenyewe ni matatu: lozi niliimeza mimi. Desemba ya tatu hii, nayaandika, nayafuta.