Filamu Alizosimulia Mama Kanda

Asubuhi ile chai ilizidi sukari. Fundi viatu alionja, akakunja uso, akainywa hivyohivyo. Mkewe alikuwa ameketi kwenye kochi, mguu mmoja ameukunja chini yake kama msichana, anachana nywele. Televisheni ilikuwa imewashwa. Filamu ya kigeni. Mwanamke amesimama mlangoni analia, na mwanamume ameshika begi.

"Huyu analia nini?" fundi akauliza.

Mkewe hakugeuza shingo. "Tazama tu, mzee. Utaona."

"Nitaona nini, na lugha yenyewe siijui?"

"Basi waulize wenye simu. Wao hawakosei."

Alisema kwa upole, kama mtu anayekuelekeza duka lilipo. Kisha akaosha vikombe, akamkumbusha fundi kwamba kitasa cha choo kimelegea, akachukua ndoo kwenda bombani. Saa tano majirani walimkuta ameketi kando ya ndoo iliyojaa, ameegemea ukuta. Hakusema tena. Siku ya tatu, hospitalini, akaenda zake.

Kitasa mpaka leo kimelegea.

Mtaani walimwita Mama Kanda, na jina hilo alilipata kwa kazi. Miaka kumi na minane aliendesha maktaba ya video: chumba kimoja chembamba, rafu mpaka darini, kanda zimepangwa kama matofali. Mtu anaazima leo, anarudisha kesho. Kibanda cha fundi kilikuwa ubavuni. Katikati kulikuwa na ubao mwembamba tu. Ulizuia macho, haukuzuia sauti.

Mama Kanda hakujua kusoma. Fundi naye vilevile. Wote wawili waliikimbia shule kabla shule haijawafukuza. Kwa hiyo kanda zake alizitia alama kwa rangi ya kucha. Nukta nyekundu, za ngumi. Ya waridi, za mapenzi. Ya zambarau, za kulia. Zambarau mbili, usiazime kama umefiwa.

Na lugha ya filamu pia hakuijua. Asubuhi, kabla ya kufungua, aliweka kanda mpya kwenye deki na kutazama nyuso. Nani anamkwepa nani. Nani ameshika mkono wa nani na kuuachia haraka. Wateja wakija anawasimulia, tangu mwanzo hadi mwisho, na sauti za watu wote. Wengine walikuja hawaazimi kitu. Walisimama mlangoni na vikapu vyao vya sokoni, nyanya zinaiva mikononi.

Fundi hakuwahi kutazama filamu ikaisha. Alizisikia ubaoni, kiatu kwenye chuma, misumari mdomoni.

"Fundi, kiatu changu vipi?"

"Subiri kwanza. Wamemteka."

Maneno ya Mama Kanda yakaingia mtaani. Mtu mkarimu ambaye hujamwamini vizuri aliitwa mwema wa nusu filamu. Wanawake walimpelekea msusi wa ng'ambo ya barabara makasha ya kanda: nisuke kama huyu. Muuza mkaa alipopata mapacha, aliwapa majina ya ndugu wawili waliopotezana kwenye treni. Majina hayo Mama Kanda aliyatunga mwenyewe. Ya kweli hakuyasikia vizuri.

Kisha ukaja mtandao. Mwanzoni lilikuwa duka la intaneti kwenye kona ya posta, kompyuta sita na foleni hadi nje. Baadaye zikaja simu za kupangusa, foleni ikaisha. Nyimbo, mitindo, filamu, hata ugomvi wa waigizaji, vyote vikawa mfukoni mwa mtu. Msusi hakuletewa tena kasha, aliletewa simu. Mama Kanda akaacha kanda akaingia kwenye diski, na waazimaji wakapungua. Wasikilizaji hawakupungua.

"Simu ina picha," alisema. "Haina mdomo."

Siku moja msusi alimrekodi akisimulia. Hakuwa na baya moyoni. Alimpenda yule mama, akataka na wengine wamwone, akamrusha mtandaoni. Wiki haikuisha. Mtu wasiyemjua akaichukua ile video, akaikata, upande mmoja akamweka Mama Kanda, upande wa pili filamu yenyewe na tafsiri yake. Ndipo ikajulikana. Yule kaka wa simulizi yake hakuwa kaka, alikuwa wakili. Ile posa ilikuwa kesi ya shamba. Mume aliyepigwa risasi akaangukia mtoni alikufa palepale, na yule aliyerudi mwishoni, ambaye Mama Kanda alimpokea kwa vigelegele, alikuwa ndugu yake tu.

Klipu ikazunguka mji, ikatoka nje ya mji. Waliokuwa wakilia naye mlangoni sasa walimcheka njiani. Ukieleza kitu usichokijua uliambiwa, "Usituletee u-Mama Kanda hapa."

Fundi aliiona kwenye benchi lake. Dereva mmoja wa lori, anangoja soli, akamwekea simu mbele ya uso. Fundi akatazama. Ilichekesha, hilo hawezi kulikana. Alicheka mpaka misumari ikamwanguka mdomoni.

"Kumbe miaka yote hii tunalishwa uongo!" akasema kwa sauti. "Na mimi nalala na mwongo kitanda kimoja, sina habari!"

Benchi zima likaangua kicheko.

Upande wa pili wa ubao, kimya.

Miaka yote ile alikuwa akimsikia mkewe kwenye ubao ule. Haikumpitia akilini hata mara moja kwamba naye anasikika.

Baada ya muda mteja akaingia kule. "Mama, hii inahusu nini?"

Fundi akasikia jibu. "Imeandikwa nyuma ya kasha."

Tangu siku hiyo hakusimulia tena. Nyumbani alipika, alitania wajukuu, aliulizia mgongo wa fundi. Hakununa. Angenuna, fundi angepata pa kuanzia. Kila fundi alipotaka kusema kitu aliona jambo limeshapita, atatonesha kidonda bure. Alichofanya ni kuwakataza watu wa nyumba yake wasiifungue ile klipu, na hapo akaona ametimiza wajibu wake. Mwaka uliofuata maktaba ikafungwa. Kanda zikachukuliwa na mtu aliyetaka rafu. Miaka tisa ikapita tangu kicheko kile hajalisema, na neno lenyewe ni moja: nisamehe.

Wiki ya saba baada ya mazishi, mjukuu wake mkubwa, anayefanya kazi kwenye duka la miwani, alikuja kumfulia. Fundi alikuwa na picha tatu za marehemu mezani. Alishazitazama vya kutosha.

"Mjukuu wangu, ile ya bibi yako bado ipo?"

"Ipi, babu?"

"Ile ya kumcheka."

Msichana akaacha nguo kwenye beseni. "Ya nini tena, babu?"

"Nataka kumsikia."

"Utaumia."

"Nimeshaumia. Tafuta."

Akafuta mikono, akapangusa simu. Zilikuwa nyingi. Ya kwanza, kicheko kilimfunika. Ya pili, muziki. Ya tatu, kila bibi akifungua mdomo unatoka mlio wa mbuzi.

"Siyo hii," fundi akasema. "Hii nayo siyo."

"Subiri. Hii hapa, ya yule msusi. Haijakatwa. Dakika sita."

Lakini hakuiwasha. Alikuwa anasoma, midomo inacheza.

"Kuna nini?"

"Watu wameandika chini yake, babu."

"Matusi?"

"Yapo. Lakini sikia huyu." Akasoma polepole. "Huyu mama ndiye aliyenisimulia filamu zote utotoni. Nilipokuja kuziona zenyewe, nilisinzia." Akashuka. "Mwingine yuko mbali huko, ughaibuni. Anasema: filamu hii nimeitazama mara mbili, na mwisho wa mama ni mzuri kuliko wa kwao." Akashuka tena. "Huyu anauliza: nani anamfahamu? Mwambieni atusimulie nyingine."

"Soma tena huyo."

Akasoma tena.

"Yameandikwa lini?"

Msichana akatazama. "Miaka tisa, babu. Huyu wa mwisho, wiki ileile."

Fundi akatazama mikono yake, gundi imekauka kwenye kucha. Maneno yale yalikuwepo wakati wote. Mkewe angeweza kusomewa siku yoyote, ameketi palepale kwenye kochi.

"Na ninyi mlionaje msimwambie?"

"Tungeyaonea wapi, babu?" Msichana alisema taratibu, bila lawama, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi. "Ulitukataza kuifungua."

"Nilidhani namsitiri."

Kwenye beseni povu lilikuwa linapasuka kidogokidogo.

"Haya," fundi akasema. "Washa."

Hakutaka kuona. Aliichukua simu akaiweka sikioni, akafumba macho. Sauti ilitoka nyembamba, kama inapita kwenye kitu, na ilikuwa yenyewe hasa. Anavuta pumzi kabla ya mahali pa hatari. Anawaiga polisi. Nyuma yake inasikika nyundo: ko, ko, ko. Fundi akaijua nyundo yake. Aliyeikata ile video hakuwa na kazi na nyundo, akaitupa pamoja na mengine.

Sasa mume yuko darajani. Bastola inatolewa. Nyundo inanyamaza. Risasi, na mume anaangukia mtoni, na Mama Kanda anapiga meza kwa kiganja, pwaa, maji yanamfunika.

"Ndiyo kafa, mama?" sauti ya msusi.

Kabla hajajibiwa, sauti ya mwanamume inapenya ubaoni, nzito, misumari mdomoni. Sauti ya fundi mwenyewe, miaka tisa nyuma, haina hata chembe ya wasiwasi: "Amekufa huyo! Mto ule nani anatoka?"

Kisha ubao unagongwa mara mbili kutoka upande wa maktaba, na Mama Kanda anacheka, anasema:

"Hajafa. Nani anasimulia hapa, fundi, mimi au wewe?"