Kepteni Bado Avuka Mto

Trilok Airi alipochora ramani ya kufundishia, India ilijaa ubao mzima. Pakistan ilibanwa kwenye kona ya kushoto, Bangladesh ikapata pa kuegemea kwa taabu, Sri Lanka ikaangukia ukutani chini ya ubao, na Nepal ikachorwa kwenye fremu ya mbao, pale chaki isipokolea. China aliionyesha kwa kidole tu, huko juu darini. Vijana waliolipa ada ili wawe maofisa wa jeshi walinakili yote hayo bila kucheka. Dirishani, ng'ambo ya mto, Nepal yenyewe ilikuwa inaanika nguo.

Ndivyo tulivyo sisi wa Dharchula. Mto Kali unatugawa, India huku na Nepal kule, na mji wa kule nao unaitwa Darchula, kana kwamba waliogawa majina walichoka kabla ya kumaliza kazi. Katikati kuna daraja la kuning'inia linalovukwa kwa miguu. Mtu akipiga chafya upande huu, upande ule wanamwombea afya. Lakini tuulize sisi ni nani, tutakuambia ni taifa kubwa. Wengi wetu hatujafika hata Delhi, ila ukubwa tunao.

Trilok alikuwa na ukubwa huo kupita kiasi, maana hakuwa na kingine. Alitaka uofisa tangu utotoni. Alikwenda kwenye bodi ya uteuzi mara nne, na mara nne akarudishwa. Huko mtu hana jina. Unafungwa namba kifuani, unaruka vizuizi, unasimama mbele ya wenzako na kuzungumza dakika tatu juu ya mada uliyopewa, na siku ya mwisho ofisa anasimama na kusoma namba za waliofaulu. Mara ya mwisho Trilok alikuwa namba kumi na saba. Ofisa akasoma kumi na sita, akasoma kumi na tisa, akafunga faili. Basi likawapeleka waliobaki kituo cha treni.

Akafanya wanachofanya wengi walioshindwa jambo: akaanza kulifundisha. Alikodi chumba juu ya duka la viatu, akatundika kibao, na somo lake kuu likawa uhusiano wa India na nchi jirani, kwa sababu bodi hulipenda mno. Vijana walimwita Kepteni Bado. Hakukasirika. Alijiuliza mwenyewe: uofisa umepata? Bado. Umeoa? Bado. Akaona jina limemkaa vizuri kuliko suti yake.

Kilichokuwa kinamvusha daraja kila wiki ni chupa ya chai. Ng'ambo kulikuwa na duka la bidhaa za China, mablanketi, tochi na chupa za chai, na mwenye duka alikuwa Dhana Bohara, mwanamke wa makamo yake, mwenye ulimi mkali na kicheko cha taratibu. Trilok alinunua chupa moja. Ikapasuka, au alisema imepasuka. Akanunua nyingine.

"Kepteni, chupa tena?" askari wa mpaka alimuuliza akimpekua. "Nyumbani kwako kuna harusi au umefungua hospitali?"

"Ile ya zamani imevunjika."

"Ya juzi?"

"Ya juzi."

"Haya, pita. Ila siku ukiileta na mwenye duka, lazima nimpekue na yeye."

Asubuhi yake alikuwa darasani akiwaonya vijana juu ya bidhaa za China zinazopenya kupitia nchi jirani, huku akijimiminia chai.

"Mwalimu," kijana mmoja akasema, "hata hiyo chupa?"

"Hiki ni kielelezo," alisema Trilok, akanywa kielelezo chake.

Dhana naye hakuwa mjinga. "Mwalimu, nchi yako kubwa yote hiyo haitengenezi chupa?"

"Inatengeneza. Ila huziuzi wewe."

Dhana aliacha kufunga mzigo. "Maneno hayo kamwambie baba."

Wiki iliyofuata alimpa jibu. "Kasema uje Jumamosi na mama yako. Atakusikiliza mara moja tu. Na ukimkera, Mwalimu, basi tena. Nimebaki naye peke yangu, siwezi kumvunjia neno. Usije na makuu."

Trilok aliahidi kwamba hatakuja na makuu. Hakujua kwamba amevaa hayo tu, hana nguo nyingine.

Baba yake Dhana alikuwa Subedar Nar Bahadur Bohara, Subedar kikiwa cheo cha askari aliyepanda ngazi kutoka chini. Ujana wake wote aliumalizia katika jeshi la India, kwenye kikosi cha Wagurkha, kama Wanepali wengi wa milimani. Kwa maneno mengine, yeye wa nchi ndogo alilivaa vazi ambalo Trilok wa nchi kubwa aliliota tu. Picha yake akiwa na medali kifuani ilitundikwa ukutani, na Trilok, alipoingia sebuleni na mama yake na boksi la vitamutamu vya maziwa, nusura aipigie saluti picha badala ya kumsalimu mwenyewe.

Walikaa. Chai ikaletwa ndani ya chupa ya China. Dhana akarudi nyuma ya pazia, kama inavyotakiwa, ila pazia lilikuwa fupi na miguu yake ikaonekana.

"Nasikia unafundisha mambo ya nchi jirani," alisema Subedar.

"Ndiyo, Subedar Saheb."

"Basi simama. India na Nepal. Dakika tatu."

Trilok aliitambua. Hii ilikuwa bodi ile ile, imemfuata mpaka ng'ambo. Akasimama, akabana visigino. Maneno yakaja yenyewe, kwani aliyasema kila siku.

"Waheshimiwa! Uhusiano wa India na Nepal ni uhusiano wa chapati na binti. Tunakula pamoja, tunaozana mabinti." Subedar akatikisa kichwa kukubali, na hapo ndipo mtu mwenye akili angekaa. Trilok akaendelea. "Nepal ni mdogo wetu. India, kama kaka mkubwa, haina budi kumwongoza mdogo huyu, na kumlinda asirubuniwe na..."

Macho yake yakaangukia chupa ya chai. Nyuma ya pazia miguu iliacha kutikisika.

"Mdogo wenu," Subedar alisema polepole.

"Kisera, Subedar Saheb. Kisera tu."

Mama yake ndiye aliyelipuka. "Mdogo wa nani, wewe? Mimi nimezaliwa wapi?"

"Mama, tafadhali..."

"Nijibu mbele za watu. Nimezaliwa wapi?"

"Huku," Trilok akasema. "Kijiji cha juu."

"Kwa hiyo huku ni kwa nani?"

"Kwa wajomba."

"Mjomba wako ni mdogo wako? Unamwongoza mjomba? Miaka yote unawapigia watoto wa watu kelele, chapati na binti, chapati na binti! Chapati nakupikia mimi. Na binti mwenyewe ndiye mimi, mpumbavu wee, tunakaa nyumba moja na hujaniona!"

Trilok akakaa. Kweli hakuwa amewahi kulifikiria. Kwake binti wa uhusiano ule alikuwa neno la mtihani, na mama alikuwa mama. Aibu ilimshuka toka masikioni mpaka kwenye soksi. Akajua chupa zote zile amenunua bure.

Subedar hakumfukuza. Alimimina chai, akamsogezea.

"Ukubwa wenu haunisumbui," alisema. "Nimekula mkate wa jeshi lenu, nanyi hamkunidhulumu. Mimi naogopa lile lango la daraja. Mwaka ule wa ugonjwa wa korona lilifungwa. Dada yangu aliolewa kwenu, akafia kwenu. Wakamchoma maiti, kwa desturi yetu, pale ukingoni, chini ya soko. Mimi nilisimama ukingo wa huku na medali zangu nimezivaa, nikidhani wataniruhusu. Nikauona moshi. Ningerusha jiwe lingefika." Akanywa chai. "Nina binti mmoja. Haya, Mwalimu. Wakubwa wakigombana tena huko Delhi na Kathmandu, lango likifungwa, utafanya nini?"

Jibu lilikuwepo. Lilikuwa ukurasa ule wa mazungumzo ya kidiplomasia kwa maslahi ya pande zote mbili. Trilok alifungua kinywa kulisema, akamwona mzee anavyomtazama, akaliacha. Akaona pia miguu ile chini ya pazia.

"Nataka linikute huku," alisema.

"Huku wapi?"

"Hapa kwenu. Nihamie. Asubuhi nivuke nikafundishe, jioni nirudi. Likifungwa, vijana watajifundisha wenyewe, na pengine watafaulu zaidi."

Mtu wa kwetu ajue maana ya neno hilo. Mwanamume anayehamia kwa wakwe, Dharchula yote husema ameolewa. Trilok alijua watakavyomcheka darajani, darasani na kwenye duka la viatu. Kepteni Bado kaolewa, na kaolewa nchi ndogo! Alijicheka yeye kwanza, kimoyomoyo, akaona haimuumi kama alivyodhania.

"Na mama yako utamwacha?" Subedar aliuliza.

"Nani aachwe?" Mama akadakia. "Tangu baba yake afariki natamani kurudi kwetu. Hakuna aliyeniuliza, walikuwa wanashughulikia sera."

Subedar akacheka, kisha akaacha. "Dhana kaniambia ulikwenda bodini. Walikupa namba gani?"

"Ya mwisho? Kumi na saba, Subedar Saheb."

Mzee aliweka kikombe chini. Akainuka, akainyoosha kofia yake, akakitazama chumba kile kidogo kama vile kimejaa vijana waliopanga safu wakisubiri hatima yao.

"Namba kumi na saba!" aliita.

Trilok aliruka kwa nguvu hata akaipiga teke chupa, chai ikamwagika kwenye zulia mpaka miguuni pa mama yake. Tangu ujanani alikuwa amefanya mazoezi ya dakika hii mbele ya kioo. Unapiga hatua moja mbele, unatoa kifua, unataja namba na jina lako kwa sauti. Hatua aliipiga. Kifua alikitoa. Sauti ndiyo haikuja, kilikuja kilio tu, kikubwa, cha mtoto.

"Baba," Dhana akaita kutoka nyuma ya pazia, "mwambie ajibu, tujue kama yupo."

"Yupo," alisema mama, akikausha zulia kwa ncha ya sari yake. "Bado analia."