Redio ya Mjomba Niliyoinunua Barazani

Hili jambo nilikuwa silisemi, na hata leo nikilisema natazama chini, maana kuna aibu mtu unazeeka nayo na yenyewe haizeeki. Lakini juzi mjukuu wangu Vero wa Kihonda kanionyesha kwenye simu hilo duka la mtandaoni analonunulia viatu, nikamuuliza mwenye duka nani, akasema, "Duka la kampuni kubwa, babu, ila viatu vyenyewe anauza mtu mwingine humo humo ndani, simjui." Nikamwambia kaa hapa mama, nikusimulie habari ya Apolonia (bibi yako asisikie, ingawa anaijua).

Zamani hiyo ndiyo ruksa ya biashara imeingia. Kabla yake mtu ulipanga foleni ya kipande cha sabuni tangu alfajiri, halafu ghafla mji wa Morogoro ukajaa vitu, mitumba, saa, redio kaseti zenye taa zinazochezacheza, sisi wa mlimani tukishuka na kabichi zetu tunasahau hata kuuza, tunatazama tu. Mimi nilikuwa kijana, shule niliishia darasa la pili (mwalimu alihamishwa, na mimi nikajihamisha), ila kwa kulima njegere hakuna aliyenishinda. Na nilimtaka Apolonia. Nimweleze vipi? Akicheka alikuwa anaziba mdomo kwa kitenge, halafu anakishusha kidogo ili umwone anavyocheka.

Sasa sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo mwenye kauli hakuwa baba yake, alikuwa mjomba wake, Mzee Kaspari, mtu wa kupenda taarifa ya habari kuliko chakula, na redio yake ilikuwa imekufa. Apolonia mwenyewe ndiye aliyeninong'oneza kisimani, "Mletee mjomba redio, maneno yataisha siku hiyo hiyo."

Nikauza njegere zote za msimu, nikaenda mjini kwa Mzee Saidi. Huyu alikuwa mwenye duka pale sokoni, mwaminifu, kitu chake kikikuharibikia unarudisha na hakuulizi mara mbili. Ila siku hizo za ruksa alikuwa amewaachia watu wengine waweke meza barazani kwake, jambo ambalo mimi sikulijua, niliona baraza ni la Mzee Saidi, nikajua na redio ni za Mzee Saidi. Mwenye meza alikuwa mtu wa makamo, miwani, shati jeupe limenyooka, nami nikamweleza safari yangu yote mpaka mila zetu (mdomo wangu huu). Akawasha redio ya mezani, muziki ukatoka mpaka mama muuza ndizi akatikisa mabega. Halafu akainua boksi jingine, jipya, limezungushiwa utepe.

"Fungua niione," nikamwambia.

"Nikifungua, mkwe wa watu, utampelekea mjomba kitu kilichokwisha kufunguliwa?"

Akanimaliza. Kwetu zawadi ya mjomba haifunguliwi njiani, inafunguliwa kwa mkono wake mbele ya watu, ukiitangulia ni kama umeonja togwa yake kabla yake. Nikasema basi, acha hivyo hivyo. Neno dogo tu hilo.

Nikapandisha mlima na boksi kichwani, na kila lilivyozidi kunilemea ndivyo nilivyozidi kufurahi, nikijiambia redio nyepesi ni za watu wa bondeni. Kila aliyeniuliza nilimwambia njoo usikilize, kwa hiyo nilipofika kwa Mzee Kaspari nilikuwa na katekista nyuma yangu na kwaya nzima ya kigango. Mzee alivaa koti lake la Jumapili. Apolonia alisimama mlangoni pa jiko.

Mzee akakata utepe polepole. Akatoa matambara, akatoa matambara mengine, halafu akatoa nusu tofali. Mtu mwenye akili angenyamaza, lakini mimi nikasema, "Iko chini, mjomba," nikaingiza mikono mpaka viwiko, nikatoka na nusu ya pili.

"Hiyo spika ya kushoto," akasema mama mmoja wa kwaya.

Mzee Kaspari akayapanga yale matofali miguuni pake, akaniangalia kwa huruma kabisa. "Baba," akasema, "nyumba yangu mbona nilishamaliza kujenga."

Katekista ilibidi atoke nje. Nikatazama mlangoni pa jiko; Apolonia peke yake ndiye hakucheka, na afadhali angecheka.

Kesho yake nikashuka na matofali yangu kwa Mzee Saidi. Akaitikia shikamoo yangu, akanipa chai, akasema, "Mwanangu, changu kiko ndani na nakitolea risiti. Yule wa barazani hata jina simjui, kaja juzi, kaondoka jana."

Mzee Kaspari hakunifukuza, alisema nikivuna nilete nyingine. Lakini kabla ya njegere kukomaa akaja mtu wa Turiani, wa mashamba ya miwa, na redio kuukuu iliyofungwa kwa mpira, ameishika mkononi inaimba, tulimsikia kabla hatujamwona. Mila hakuna aliyeitaja. Mjomba alicheka tu, akaomba iongezwe sauti.

Apolonia akaenda Turiani, redio ikabaki. Jioni upepo ukigeuka ilinifikia shambani, ng'ambo ya bonde, maneno siyasikii, sauti tu, nami nasimamisha jembe mpaka giza linaingia. Mzee alishafariki na redio ilishanyamaza, lakini pale nikifika bado nasimama.

Siku hizi hata boksi la balbu nafungua mbele ya mwuzaji, namuuliza, wewe ndiye mwenye duka au umekaa barazani tu? Wanangu wanaona haya kuongozana nami. Na Vero nimemwambia aulize hivyo hivyo, asitoe hela mpaka kitu kiwe mkononi, kimefunguliwa.

Siku Apolonia anaondoka alipita kando ya shamba langu na wenzake, akajifanya anafunga kamba ya kiatu, wenzake wakatangulia.

"Ungefungua tu," akaniambia. "Ungepitia kisimani, mimi ningekufungia tena vizuri. Mjomba asingejua."

Akaziba mdomo kwa kitenge, na safari hii hakukishusha.