Joviana na Nyufa Chini ya Daraja

Joviana alijifunza kuchomelea chuma kwa mjomba wake mjini Bukoba, wakitengeneza mageti na madirisha. Wazazi wake kule Kaagya walitaka awe mwalimu, lakini yeye aliupenda moto.

Msimu mmoja wa kahawa, injinia Nathanieli alimwita Muleba, kwenye daraja dogo la chuma katika njia ya Kimwani. Sakafu yake ilikuwa imeanza kupasuka kwa chini.

"Hakuna lori moja lililoivunja," Nathanieli alimweleza. "Chuma huchoka. Kila gurudumu likipita, sakafu inapinda kidogo, inarudi. Miaka ikienda, inapasuka."

Joviana akalala chali kwenye jukwaa lililoning'inizwa chini ya daraja, mto ukinguruma chini ya mgongo wake. Alipaka dawa nyekundu ya kufichua nyufa, akaifuta, akapuliza nyeupe juu yake. Polepole mstari mwekundu wa ufa ukajitokeza, mrefu kuliko wote wawili walivyodhani. Wakatoboa tundu mwishoni mwa kila ufa ili usizidi kutambaa. Kisha akausaga ufa mpaka chuma safi kikaonekana, akaanza kuujaza chuma kilichoyeyushwa kwa moto.

Daraja lilikuwa limefungwa, malori yamejipanga. La mbele kabisa, lenye magunia ya kahawa, lilikuwa la Karugendo, mumewe.

"Mama Edvina!" aliita kutoka juu. "Nipitishe mimi tu, nitakwenda taratibu. Huyaoni mawingu?"

Joviana akapanda, akavua kinyago cha kuchomelea. "Baba Edvina, pale chini bado pana moto. Pakitikiswa sasa, patapasuka tena kabla hapajapoa."

"Mimi ni mumeo!"

"Najua. Nikikupitisha wewe, huyo wa nyuma nitamzuia kwa lipi?"

Madereva wakaangua kicheko. Karugendo akaupiga mlango wa lori kwa kishindo. Joviana akavaa tena kinyago. Akashuka, akaendelea.

Baada ya muda alisikia nyayo juu yake. Karugendo alikuwa amepata lori tupu ng'ambo, na watu walikuwa wakihamisha magunia kwa mabega kupitia njia ya waenda kwa miguu. Yeye mwenyewe alibeba la kwanza.

"Kazi njema, waitu," alisema akipita, kwa neno la heshima la Kihaya, ingawa bado amenuna. Mvua ilipoanza, kahawa ilikuwa imeshaondoka.

Siku zilizofuata walifunga mabamba mazito ya chuma kwa bolti chini ya sakafu, ili isipinde kama zamani. Daraja lilipofunguliwa, Joviana na Nathanieli walisimama ukingoni wakitazama lori lenye shehena likipita. Sakafu haikulia wala kucheza.

"Liko jingine kama hili," Nathanieli alisema.

"Nipo," akajibu, akikunja nyaya.

Karugendo alikuja kumchukua. Walipokaribia Bukoba, Karugendo akauliza:

"Hivi, na chasisi ya lori nayo huchoka?"

"Huchoka."

"Basi uiangalie."

"Kesho," alisema Joviana, akaegemeza kichwa dirishani, akasinzia.