Wimbo wa Kunyweshea

Juzi hapa Garsen, kwenye harusi, mtoto wa kaka yangu aliweka kwenye spika ule wimbo wetu wa kunyweshea ng'ombe. Watu wakainuka kucheza. Mimi nikatoka, naye akanifuata.

"Shangazi, kwani hupendi nyimbo za kwetu?"

Ng'ombe ndio walioupenda. Baba aliuimba kila alipojaza hori kisimani, nao wakija mbio, maana kwao wimbo ule ulikuwa ndio maji yenyewe.

Alasiri moja ya ukame lilikuja lori linalonuka dizeli. Ng'ombe waligoma kupanda, wakapigwa, wakazidi kugoma. Baba akasema, "Waacheni," akapanda yeye, akaanza kuimba. Wakapanda wote, mbavu zikigongana.

"Baba, wanapelekwa mtoni?" niliuliza kwa furaha.

"Ndiyo, mama," akajibu, akaendelea kuimba.

Leo najua lori lile lilikuwa la machinjioni, na najua kwa nini baba hakuimba tena. Vijana wanaupenda kwa sababu umewakuta wameshiba. Mimi nikiusikia namwona yule ng'ombe mwekundu aliyetangulia kupanda: ameinamisha kichwa, analamba mbao za lori, anatafuta maji.