Inabana Wapi?

Majirani walimwita Bi Kalamu, nusu kwa heshima, nusu kwa utani, maana tangu aache ukarani wa bima ili aandike makala kwa kujitegemea, mambo yalikuwa yakimwendea mrama. Mhariri wa jarida moja alikuwa amempa ukurasa wa mambo ya nyumbani kwa majaribio. Makala ya kwanza ilirudi. Ya pili nayo ikarudi, na ujumbe mfupi: "Haina uhai. Ya tatu ikiwa hivi, ukurasa nampa mwingine. Mwisho Ijumaa."

Kilichomchanganya ni kwamba nyumbani zote zilisifiwa. Mama yake, aliyekuwa akiishi naye, alivaa miwani, akaitazama karatasi, akasema, "Nzuri sana, mwanangu," kisha akarudi kuchambua mchele. Mashoga zake walijibu kwa simu ndani ya nusu dakika. Kurasa tatu, nusu dakika! Maskini, alivishwa kilemba cha ukoka mpaka kikamziba macho.

Jumatano alishuka kwa fundi cherehani wa ghorofa ya chini kuchukua sketi yake, mkononi ana rasimu ya tatu: "Jinsi ya Kuhama Nyumba Bila Usumbufu." Fundi huyo alikuwa mama wa makamo asiyejua kumung'unya maneno.

"Dada, hebu nisomee hii, uniambie kama ni nzuri."

"Hilo usiniulize. Mteja nikimuuliza kama nguo ni nzuri, anasema nzuri, halafu haivai. Nikimuuliza inabana wapi, ananyanyua mkono ananionyesha. Lete hapa. Ikinibana, nachoma pini."

Akasoma, midomo ikicheza. Pini ya kwanza ilitua kwenye sentensi ya kwanza kabisa: "Mpangilio ni jambo muhimu katika maisha." Ya pili ikaifuata. Ukurasa wa kwanza ulipokwisha ulikuwa nungunungu mtupu, na Bi Kalamu, hasira zimempanda, alitamani kuunyakua akimbie nao.

Mara fundi akacheka. Kule mwisho wa ukurasa wa tatu, Bi Kalamu alikuwa amechomeka mistari miwili kwa aibu, jinsi kabati la mama yake lilivyokwama kwenye ngazi siku ya kuhama.

"Hapa hukuchoma," Bi Kalamu akasema.

"Hapa sikubanwa. Ehe, mama akafanya nini? Mbona umenikatia uhondo?"

"Alikwama upande wa juu, akakataa kabati lisifunguliwe hata skrubu moja. Chakula cha mchana tulimrushia!"

"Sasa hayo umeyaficha ya nini?"

Bi Kalamu alipanda ngazi mbiombio, sketi kaisahau. Akaiandika upya makala, akianzia kwenye kabati lililokwama, na mama kule upande wa juu akiwaamrisha wapagazi kama jemadari. Ushauri wote wa kuhama aliupenyeza humo humo. Alhamisi akashuka tena; safari hii pini zilikuwa mbili tu, akazishukuru kama zawadi.

Ijumaa mhariri alipiga simu akicheka hata kusema hawezi. "Ukurasa ni wako," akamaliza. Bi Kalamu alishuka akirukaruka, akamkumbatia fundi kwa nguvu.

"Niache, mwenzangu, utachomwa! Nina mkasi mkononi!"

Kisha akampelekea mama yake ile makala. Mama akavaa miwani. Dakika tano zikapita, na mchele ukabaki ungo mzima bila kuguswa.

"Umenianika mbele ya dunia nzima!" mama akafoka. Lakini mabega yakaanza kumtikisika, na wote wawili wakaangua kicheko mpaka miwani ikadondoka.

"Mwanangu," mama akasema alipopata pumzi, akijifuta machozi, "hii ndiyo ya kwanza nimeifikisha mwisho. Zile nyingine, Mungu anisamehe, nilikuwa naona jina lako pale juu, nasema nzuri."